Kapita Hafunikwi Pande Zote Nne

Katuba, Elisabethville
Usiku wa kuamkia safari yako

Vero mwanangu,

Umelala ukiwa umenikasirikia, na una haki. Nimesikia ulivyogeukia ukutani, kitanda kikalia mara mbili, kisha kimya. Sanduku lako liko hapa karibu na mlango, limefungwa kamba. Mimi nimekaa mezani, na taa ya mafuta nimeipunguza ili mwanga usikufikie. Barua hii nitakupa kesho stesheni. Usiisome mbele yangu. Isome treni ikishapita Jadotville, wakati ambapo hata ukitaka kushuka urudi nyumbani utaona aibu.

Sitakuandikia habari za sabuni, za kuamka mapema, za kuwaheshimu masista wa huko chuoni, za kutotembea peke yako jioni. Mama Odila amekuambia hayo yote tangu Jumatatu, na mengine ameyarudia mpaka mimi mwenyewe nimeyashika kwa moyo. Nataka kurudi kwenye lile swali uliloniuliza tulipokuwa tunakula.

Uliniuliza, “Baba, nikishaenda, Kapita utamufunika namna gani?”

Mtu mwingine angesikia binti anamwulizia babake habari za ndege. Mimi nilisikia jambo jingine, nikarudisha tonge la bukari kwenye sahani, nikakujibu kwa ukali, “Mi niko mutoto? Huyu ndege nilimujua mbele yako kuzaliwa.” Hukupandisha sauti. Ulinitazama tu, ukasema, “Basi mi siendi tena. Utaandikia masista, useme niko mugonjwa.” Ukanawa mikono, ukaingia kulala.

Nitakuambia kitu cha aibu. Uliposema huendi, moyo wangu ulifurahi. Haikuwa kwa muda mrefu, labda pumzi moja tu, lakini nilifurahi. Nilijiona nikirudi kutoka kazini kesho na mwaka kesho nikukute palepale jikoni, mambo yasibadilike. Kisha nikaiogopa ile furaha. Ndiyo iliyonifanya nitafute karatasi usiku huu.

Najua unachoogopa. Unajua sitasahau kumfunika Kapita. Unaogopa kwamba nitafanya tena kama nilivyofanya ulipokuwa na miaka saba. Jambo lile hatujalizungumza mimi na wewe hata siku moja. Leo nitalizungumza lote. Mapadri walinifundisha kuandika Kiswahili cha vitabu, na kalamu yangu haijui kingine, lakini maneno ya mama yako, na yako, nitayaandika kama yalivyotoka mdomoni.

Mama yako Melania alifika Elisabethville akiwa amekumbatia kikapu kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Tulikuwa tumefunga ndoa kule kwetu Kongolo miezi minne kabla, mimi nikatangulia kurudi kazini kwenye karakana ya reli. Yeye alikuja nyuma, kwa boti ya mto Lualaba mpaka Bukama, na kutoka Bukama kwa treni. Nilikwenda kumpokea nimevaa koti la kuazima. Nikamwuliza, “Mizigo yako iko wapi?” Akafunua kitambaa cha kikapu upande mmoja, nikaona jicho la duara linanitazama. Akasema, “Wa kwanza ni huyu. Mingine inakuya nyuma.”

Kaka yake aliyekuwa akifanya kazi kwenye boti ndiye aliyempa ndege yule. Alikuwa kinda la kasuku, kijivu, mkia mwekundu umeanza tu kuchipua. Nilimtengenezea tundu la waya kwa mkono wangu. Jina lake alijitafutia mwenyewe. Kule kazini, kapita ni yule anayesimamia wenzake na kuwapigia kelele. Huyu ndege alipojifunza kupiga filimbi na kuita “Kazi! Kazi!” kabla ya jua kutoka, wanaume wawili wa nyumba ya jirani walitoka mbio siku moja, viatu mkononi, wakidhani wamechelewa. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile akawa Kapita.

Kila jioni, jua likianza kuzama na taa haijawashwa, alimfunika. Mimi nilimcheka. Nilisema, ndege wa porini nani anawafunika? Alinijibu bila kugeuka, “Ndege ya pori iko na majani. Huyu iko na nani?”

Alitumia kikwembe chake cha zamani, kitambaa cha kujifunga kilichofuliwa mpaka kimekuwa chepesi, ukikiinua mbele ya taa unaona mwanga. Pindo lake alikuwa amelishona upya na kukata kila uzi uliochomoza, kwa sababu kucha ya kasuku ikinasa kwenye uzi gizani atajivuta mpaka avunje mguu. Hakukitupa juu yake ghafla. Kwanza aliongea naye, habari za mchana, nani amegombana na nani bombani. Halafu alifunika nyuma, halafu ubavu wa dirishani unakoingia baridi, halafu ubavu wa pili. Upande wa mbele, ulioelekea mlango, aliuacha wazi upana wa kiganja, kutoka juu mpaka chini. Nilimwuliza kwa nini hafuniki yote akamaliza. Akasema, “Apumue. Na akistuka usiku, aone nyumba iko ileile.”

Asubuhi yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka. Alikitoa kikwembe, akakikunja, akaenda nje kuwasha mbabula ya makaa na kunipashia maji ya kuoga. Maji yakiwa tayari aliniamsha kwa kuniita kutoka dirishani, “Lamuka, Baba Vero! Mayi iko moto!” Kapita akaikamata sauti ile nzima nzima, na kule kuvuta alikokuvuta mwishoni. Siku moja niliitika, nikatoka na taulo begani, nikakuta mbabula ni baridi. Nikarudi ndani. Mama yako alikuwa bado kitandani na blanketi mdomoni, anajizuia asicheke, na yule ndege ananiangalia kama mimi ndiye mjinga.

Ndivyo tulivyoishi, Vero. Nakuandikia haya kwa sababu sikuwahi kukuhadithia. Unajua alivyokufa, lakini alivyocheka sikukuambia.

Alikwenda hospitali kumzaa ndugu yako, na wote wawili hawakurudi. Mimi nilikuwa karakana. Walipokuja kuniita, niliomba nimalize boliti mbili zilizobaki. Boliti mbili. Hakuna aliyenilazimisha, nadhani niliogopa kwenda, nikajificha nyuma ya kazi. Nilifika wakati sista anafunga dirisha la chumba. Aliniambia Melania alikuwa ameniuliza. Hilo nimemwambia padri peke yake, na sasa wewe.

Siku ya nne baada ya maziko, watu walikuwa wamepungua. Wewe ulikuwa umelala. Alfajiri nikasikia, “Lamuka, Baba Vero! Mayi iko moto!” Niliruka kutoka kitandani. Nilifika mpaka mlangoni, nimeshika komeo, ndipo akili ikanirudia.

Nilichukua blanketi nililopewa kazini, lile zito la kijivu, nikalitupa juu ya tundu mpaka likagusa chini pande zote. Akanyamaza. Nikasema moyoni, ni kwa asubuhi hii tu.

Lakini kesho yake kulikuwa na asubuhi nyingine. Baada ya juma moja sikulitoa tena hata mchana. Nilimwekea chakula na maji nikirudi kutoka kazini, nikafunika haraka. Ulipotoka kalasi, shuleni, ulisimama mbele ya tundu na mfuko wako wa madaftari, ukaniuliza, “Baba, Kapita iko mugonjwa?” Nikasema, “Iko nalala.” Siku ya pili ukauliza tena. Nikakukemea. Siku ya tatu hukuuliza.

Akaanza kujing'oa manyoya ya kifuani, moja moja. Niliyakuta chini ya tundu, nikayafagia kabla hujarudi.

Na wewe ukawa mtoto mpole. Mama Odila alikuwa akikaa mlango wa tatu kutoka kwetu, kule kambi ya reli, kabla sisi na yeye hatujahamia hapa Katuba, na ndiye aliyekuangalia nikiwa kazini. Aliniambia, “Anselmi, huyu mutoto hasemi tena.” Nikamjibu, “Iko na heshima.” Mtoto amenyamaza, nikasema ana heshima. Ndege amenyamaza, nikasema amezoea. Nilikuwa na jibu kwa kila mtu.

Ikaja baridi ya mwezi wa sita. Ulikuwa unakohoa. Nilirudi jioni nikakuta mbabula nje bado ina makaa mekundu, nikaiingiza ndani chumbani. Mama yako hakuruhusu jambo lile hata siku moja. Alisema makaa yanakula hewa ya watu. Mimi niliona ni maneno tu ya wanawake. Niliziba dirisha kwa gunia, nikafunga mlango, nikalishusha blanketi juu ya Kapita, nikakufunika wewe kwa koti langu na shuka. Nikalala nikijiona baba mwema.

Sijui ilikuwa saa ngapi. Nilisikia kelele za mbali, kama mtu yuko ndani ya kisima. Mabawa yanapiga waya. Na sauti ya mama yako, “Lamuka, Baba Vero! Lamuka, Baba Vero!” Maji hakuyataja. Alirudia neno lile tu, bila kupumzika.

Sasa nitakuambia nilichofanya. Sikuinuka kwa sababu nimetambua hatari. Niliinuka kwa hasira. Kichwa kilikuwa kizito kama nimekunywa pombe, na nilikuwa nimekamata shuka langu nikalitupe juu ya lile blanketi, anyamaze kabisa. Nilikuwa nakwenda kumnyamazisha, Vero. Hatua ya pili miguu ikanikatalia. Nilianguka kando ya kitanda chako, na mkono wangu ukagonga mguu wako uliokuwa unaning'inia nje. Nikautikisa. Hukuuvuta.

Nilitambaa mpaka mlangoni, nikaufungua, nikarudi nikakuburuta kwa makwapa mpaka nje kwenye baridi. Wanasema nilipiga kelele mpaka mbwa wa kambi nzima wakaitikia. Sikumbuki. Namkumbuka Mama Odila akija mbio, kichwa wazi, akakugeuza ubavu na kukupiga mgongoni. Ukatapika. Halafu ukalia. Nimesikia kwaya nyingi kanisani, lakini sijasikia kitu kizuri kama kilio kile.

Mama Odila ndiye aliyeingia tena ndani, pua ameiziba kwa kitambaa. Alitoka na mbabula, akaimwaga mchangani. Akaingia mara ya pili akatoka na tundu. Akainua blanketi upande mmoja: Kapita alikuwa amelala chini, ubavu, mdomo wazi. Nikasema, “Amekufa.” Mama Odila akasema, “Ngoja.” Tukangoja. Mbingu ilianza kuwa nyeupe upande wa Luano ndipo akajikokota, akauma waya kwa mdomo na kujivuta juu kidogo kidogo.

Watu wa kambi walisema ni roho ya mama yako iliyotuamsha. Sikuwabishia, na wewe sitakubishia kama ndivyo unavyoamini. Mimi nafikiri ndege alishikwa na hofu akasema maneno ya kuamsha, kwa sababu hayo ndiyo aliyokuwa nayo. Hata hivyo yalikuwa maneno yake Melania, na yalituamsha.

Lakini kulikuwa na jambo lililonishangaza zaidi. Hewa ya makaa huua ndege kabla ya mtu. Chini ya blanketi lile zito Kapita angekufa kimya, wa kwanza, na sisi tungemfuata. Kwa nini hakufa?

Nililiona jibu kulipokuwa kumepambazuka. Blanketi lilikuwa bado juu ya tundu. Upande wa mlango lilikuwa limekunjwa kwenda nyuma, likafungwa kwenye waya kwa uzi mweusi wa kusukia nywele. Ilikuwa nafasi ya upana wa kiganja, kiganja cha mtoto. Tundu lilikaa juu ya kigoda palepale mlangoni, na ile hewa ya baridi inayopita kwenye ufa wa mlango ilimfikia yeye.

Nikakuuliza, “Nani alifanya hii?”

Ulikuwa umekunjwa ndani ya koti langu la kazi, meno yanagongana. Ukasema, “Ni mi, Baba, wakati ulilala. Usinipige.”

“Kwa nini?”

“Mama alikuwa anaachaka pale.” Ukalivuta koti mpaka kidevuni. Kisha ukasema, “Na asubuyi, wakati uko naoga, ninaweka sikio pale. Anasemaka polepole. Anasemaka kama Mama.”

Mwanangu, mimi nilidhani nimeifunika sauti inayoniumiza mimi. Haikunijia hata kidogo kwamba ilikuwa yako pia. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kalasi, ulikuwa unakwenda kwa kunyata kumsikiliza mama yako kwa kuiba, huku ukiniogopa mimi. Na Kapita naye, ndani ya giza lile nililompa, alikuwa amejifunza kusema polepole ili nisimsikie. Nilikuwa nimefundisha nyumba nzima kunong'ona.

Nililia pale kizingitini. Nadhani unakumbuka, kwa sababu ulitoa mkono kwenye koti ukanifuta pua, ukatazama ulichofuta, ukajipangusa kwenye koti langu.

Jumapili ile tulifungua sanduku la mama yako. Nilikuwa nimelifunga kwa msumari, unaona jinsi nilivyokuwa. Ulichagua kikwembe cha maua ya njano. Mimi, ambaye naweza kuifungua breki ya treni na kuirudisha bila kubakiza kipande mkononi, nilishona pindo lile kama mtu anayefunga gunia la mahindi. Usiku wa kwanza Kapita akanasa kucha kwenye uzi wangu. Ulishika taa, mimi nikakata kwa mkasi, naye akaniuma kidole gumba kwa nguvu zote za miezi ile aliyokaa gizani. Sikumlaumu. Kesho yake ulilifumua pindo lote, ukalishona upya umekaa mlangoni kwa Mama Odila, ulimi nje. Tangu hapo hajanasa tena.

Manyoya yake yalichukua zaidi ya mwaka kurudi, na kifuani kuna mahali hayakurudi vizuri mpaka leo. Wewe ulichukua muda mrefu zaidi. Ulianza kwa kumwongelesha yeye, jioni, ukimfunika. Mimi nilikaa upande wa pili wa ukuta nikasikiliza habari za kalasi, za rafiki aliyekunyang'anya kalamu, za sista aliyekusifu kwa hesabu. Ulipofika miaka tisa au kumi ukaanza kuniambia mimi.

Kwa miaka kumi na miwili umemfunika wewe. Hata ulipougua malaria ulitoka kitandani umeshika ukuta. Nilijua kwa nini hukuniachia. Hukuniamini, na sikustahili kuaminiwa, tukakubaliana hivyo bila kusema neno. Ndiyo maana swali lako la leo lilinichoma. Lilikuwa swali la haki na sikuwa na jibu, nikakupa kelele.

Sasa unakwenda kujifunza kazi ya kupokea watoto. Najua kwa nini umeichagua, hukuhitaji kuniambia. Nitakuambia jambo moja tu juu yake, na silijui kwa kusoma. Kuna siku kazi hiyo itakushinda mikononi, kama ilivyowashinda wale waliokuwa na mama yako, ambao najua walijitahidi. Utarudi chumbani, na utataka kufunika kila kitu. Utasema ni kwa usiku huu tu. Siku hiyo mwamshe mwenzako wa kitanda cha pili, umwambie. Au niandikie mimi, hata maneno mawili. Sina ufundi wa kufariji watu, unanijua, lakini barua nitaijibu siku ileile.

Na mgonjwa akikuita nawe uko katikati ya kazi nyingine, iache ile kazi. Mimi nimeishi na boliti mbili maisha yangu yote. Sitaki uwe na zako.

Ukiolewa, kama Mungu akipenda, usimchukue mwanamume aliyenyamaza ukasema ana heshima. Mwulize. Akikemea, mwulize tena kesho. Wewe uliniuliza mara mbili tu, na hata hivyo nilistahili mara ya tatu. Lakini ulikuwa mtoto, na kosa lilikuwa langu.

Haya. Swali lako.

Ulipoingia kulala leo, Kapita alikuwa wazi. Haijawahi kutokea. Sijui kama ulikuwa unanipima au ulikuwa umechoka. Nilikaa kidogo nikamtazama, naye akanitazama, kila mmoja anamngoja mwenzake. Kisha nikaenda kunawa mikono kwa sabuni, maana hapendi harufu ya grisi. Nikatoka nje kuhakikisha mbabula imezimwa na iko mbali na mlango. Nikaliacha dirisha dogo wazi kidogo, na tundu nikalisogeza pasipopita upepo wa lile dirisha. Nikapitisha vidole kwenye pindo lote la kikwembe, polepole, nikitafuta uzi. Nikakuta mmoja, nikaukata.

Sikujua nimwambie nini. Miaka yote hii sijawahi kumwongelesha jioni. Nikamwambia, “Kapita, Vero anaenda kesho.” Akainamisha kichwa nimkune shingoni, kama anavyokufanyia wewe. Nikamkuna. Nikafunika nyuma, nikafunika ubavu wa dirishani, nikafunika ubavu wa pili. Mbele nikaacha upana wa kiganja, juu mpaka chini. Taa hii ninayoandikia iko huku mezani, mbali na kitambaa. Alizunguka mara moja kwenye kijiti chake, akapandisha mguu mmoja, akatulia.

Basi namna nitakavyomfunika ni hiyo, mwanangu. Asubuhi nitamfunua mimi, kabla ya kwenda kazini, na nikichelewa zamu Mama Odila amekubali kuja. Nimekwenda kumwomba usiku huu huu. Alinifungulia akiwa na kanga ya kulalia, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Anselmi, hatimaye unaomba.”

Kuna kingine kimoja, nacho ndicho kilichonifanya niandike karatasi nyingi hivi badala ya moja.

Nilikuwa nimemgeuzia mgongo Kapita, navuta kiti nikae niandike, aliposema kutoka ndani ya kikwembe, kwa sauti ndogo ya mtu anayekaribia kulala:

“Baba, umekula?”

Ilikuwa sauti yako, Vero. Si ya mama yako. Ni yako kabisa, na ule uchovu wako wa jioni, na lile “Baba” unalolikata fupi ukiwa na kazi mkononi. Unaniuliza hivyo kila siku nikitundika kofia msumarini, na kila siku nakujibu kwa mguno bila kufikiri. Nimekaa na nyinyi wawili nyumba moja na sikujua kwamba amekwisha kuichukua. Niligeuka kutazama mlango wa chumba chako, nikidhani umeamka. Ulikuwa umelala, mkono chini ya shavu.

Kwa hiyo panda treni. Sitawaandikia masista barua yoyote. Mungu akushike mkono njiani, na mama yako, popote alipo, akuone ulivyokua.

Kesho jioni nitarudi kutoka kazini nyumba iwe tupu, na huyu ataniuliza swali lako kwa sauti yako. Keshokutwa ataniuliza tena. Itaniuma, sikudanganyi. Lakini blanketi sitaligusa. Nitatundika kofia, nitamjibu vizuri, neno kwa neno, nimekula nini na wapi. Na kama sijala, nitapika.

Baba yako,
Anselmi